Kuhama kwa Chelewa

3 Septemba

Mdogo wangu,

Sisi hapa tunalala na tunaamka, hiyo ndiyo salamu ya kweli ninayoweza kukupa. Mama hajambo kwa kiasi chake. Mguu unavimba kila jioni na daktari amemkataza chumvi, lakini jana nimemkuta jikoni kakumbatia kopo la chumvi, ananiambia anaangalia tu kama limejaa. Anamuulizia wifi yangu na tumbo lake, na kama miguu inamvimba na yeye, maana siku hizi habari za uvimbe ndizo anazozijua kuliko zote.

Juzi kwenye simu uliniuliza mbona sauti yangu imepoa, nikakujibu ni mtandao. Haikuwa mtandao. Sisi ni watoto wa tarishi. Marehemu baba alitulea akisema la kucheka lipigiwe simu, lenye uzito liandikwe, ili mtu alisome akiwa ameketi. Basi keti.

Chuo kimefunguliwa na timu yangu ya mpira wa kikapu haijarudi. Wale wasichana watano walioanza nusu fainali ya mwaka jana, ile tuliyofungwa kwa pointi moja, watatu hawapo. Mmoja ameolewa; huyo namwombea heri. Wawili wamehama. Mfungaji wangu wa pembeni sijui aliko. Mchezeshaji nimeambiwa amevaa jezi yenu, ya hicho chuo unachofundisha wewe. Hakuniaga. Nilikwenda bwenini nikakuta kitanda chake kimetandikwa vizuri sana, shuka limevutwa pembe zote, kama mtu anayekiomba kitanda msamaha.

Zamani mchezaji akihama alikaa nje msimu mzima kabla ya kugusa mpira wa mashindano. Ilikuwa sheria ngumu, lakini ilimpa mtu nafasi ya kufikiri. Sasa anahama Jumatatu, Jumamosi anacheza. Sheria hukuitunga wewe, sikulaumu. Nataka tu ujue nilichobakiwa nacho. Nimebakiwa na Chelewa.

Wewe umemwona mara moja tu, kwenye ile nusu fainali. Jina alilipata siku ya kwanza, alipofika mazoezini wenzake wanakunywa maji waende zao, na tangu hapo hajaliaibisha. Lakini uwanjani kule kuchelewa ndiko dawa yake. Masenta wote wanaruka mpira ukigonga ubao. Yeye anangoja. Mwenzake akishaanza kushuka ndipo yeye anapopanda, na kule juu anajikuta peke yake. Mimi sikumfundisha hilo, wala sijui linafundishwaje. Amebakiza mwaka mmoja awe mwalimu. Baba yake ni mwashi, na katika ukoo wao mzima hajatokea mtu aliyemaliza chuo.

Sina ninachokuomba. Nimekueleza tu.

Dada yako


19 Septemba

Dada,

Shikamoo, na kwa mama shikamoo mbili, moja ya mguu wa kulia na moja ya kushoto. Mwambie kopo la chumvi nitakuja kulikagua mwenyewe.

Wifi yako hajambo. Tunakaa ghorofa ya tatu, na anasema anazipanda ngazi kama lori lenye mchanga. Ameniamuru niandike kwamba maneno hayo ni yake, nisije nikashtakiwa kwako.

Kazi inaendelea. Huu ni mwaka wangu wa pili kama kocha msaidizi hapa na Kocha Mkuu bado ananiita "wewe". Mkataba wangu ni wa msimu kwa msimu, kama wa mtu anayelinda shamba. Lakini dada, ungeuona ukumbi. Sakafu ni ya mbao tupu, inang'aa mpaka unaona soli za viatu vyako. Kuna chumba kizima cha barafu kwa ajili ya wanaoumia. Tukicheza, watu wanajaa mpaka kwenye ngazi.

Kuhusu mchezeshaji wako, alikuja mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi akaingia. Usituone wezi. Wasichana wa siku hizi wana miguu na wana macho, wanaona pa kwenda.

Mazoezi yameanza, sina nafasi ya kurefusha. Halafu, huyo Chelewa wako, goti lile alilokuwa amelifunga siku ya nusu fainali, lilipona?

Mdogo wako


8 Oktoba

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Mguu uko vilevile. Paa la jikoni lilivuja, limezibwa. Majirani wote wazima. Hizo ndizo salamu.

Kwenye barua yangu sikuandika neno lolote kuhusu goti. Nilipoona umeliulizia, nilijua umeshamtupia jicho.

Chelewa alikuja kuniaga Jumapili. Safari hii alikuwa mbele ya wakati. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wangu na begi lake, mimi narudi sokoni. Nikamwambia ingia. Akasema akiingia hataondoka.

"Mwalimu," akasema, "kule wanacheza kwenye sakafu ya mbao. Hapa saruji inaniua. Goti litapata nafuu."

"Nani kakuambia habari za sakafu?"

"Kocha mmoja."

"Kocha gani?"

Akatazama viatu vyake. "Anasema anakufahamu."

Sikumzuia. Ningemzuia kwa lipi? Uwanja wangu ni saruji, na ina nyufa. Nilimuuliza kama miaka yake miwili ya ualimu itahesabiwa huko, akasema ameambiwa mambo hayo yatashughulikiwa akishafika. Nilimbebea begi mpaka barabarani. Mama alitutazama dirishani, na niliporudi akaniambia, "Si ndiyo hayo, chelewachelewa utamkuta mwana si wako." Alidhani ananichekesha.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo linaloniandikisha. Ile nusu fainali uliniuliza kwa nini nilimtoa Chelewa dakika za mwisho, nikakujibu alikuwa na makosa mengi. Hakuwa na makosa. Goti la kushoto lilikuwa limejaa maji. Alitaka kuendelea, nilimkalisha kwa nguvu, na kwa sababu hiyo tukafungwa kwa pointi moja. Sikumwambia mtu, kwa sababu msichana akishajulikana ana goti bovu hakuna anayemtaka tena. Wewe nakuambia.

Akicheza leo, kesho asicheze. Siku mbili mfululizo anaweza kwa shida. Ya tatu hapana, hata akuambie yuko mzima, na atakuambia, maana hajui kusema hapana. Kila ukiona anatua kwa mguu mmoja, mtoe. Usimuulize. Mtoe.

Mwambie Kocha Mkuu maneno haya kama yalivyo, kisha uniandikie kwamba umemwambia.

Dada yako


30 Novemba

Dada,

Nisamehe ukimya. Kwanza pokea habari njema: umekuwa shangazi. Ni msichana, ana sauti ya refa, na kichwa chake ni cha baba mtupu. Wifi yako anaendelea vizuri, analala akiruhusiwa. Mwambie mama tumempa mtoto jina lake, na tunaomba asije akarithi na mkono wa chumvi.

Chelewa, dada, ni moto. Tumecheza mechi saba, zote tumeshinda, na mipira inayorudi kutoka ubaoni karibu yote ni yake. Watu wameshajifunza: wapinzani wakiruka, ukumbi mzima unanyamaza kumsubiri yeye, kisha anapanda, ndipo kelele zinapoanza. Amebandikwa ukutani pale mlangoni, picha kubwa kuliko mtu. Mchezeshaji wako na yeye wanaelewana kama walivyokuwa kwako. Hilo lazima likufurahishe, ni kazi ya mikono yako.

Na jambo jingine, dogo lakini nitakuambia. Kocha Mkuu sasa ananiita kwa jina. Juzi mbele ya watu alisema, "Huyu ndiye aliyetuletea senta."

Huko mnaendeleaje na timu?

Mdogo wako


14 Desemba

Mdogo wangu,

Tumefurahi sana. Mama alilia, kisha akaanza kumtengenezea mtoto kofia ya sufu, na joto lote hili. Mpe wifi yangu pole na hongera.

Timu yangu ni wasichana wanane, wawili wao walikuwa wanacheza mpira wa wavu. Tumeshinda mara mbili. Tutaingia kwenye mashindano kwa sababu tu chuo kimoja kimejitoa.

Sikukuuliza kama anafunga. Barua yangu ilikuwa na ombi moja. Ulimwambia Kocha Mkuu habari za goti, au hukumwambia? Andika ndiyo au andika hapana. Stempu ni ileile.

Dada yako


10 Januari

Dada,

Heri ya mwaka. Mtoto anacheka. Kofia imefika, inamfunika mpaka puani, wifi yako anashukuru.

Usiwe na wasiwasi, goti linaangaliwa. Hapa kila kitu kinaangaliwa.

Tutaonana kwenye mashindano.

Mdogo wako


Mashindanoni, 27 Februari

Mdogo wangu,

Leo salamu utaziruka mwenyewe. Naandika kwenye kantini ya ukumbi, nitampa dereva wa basi lenu akukabidhi mkononi. Simu yako inaita tu. Nilikungoja nje ya chumba chenu cha kubadilishia nguo mpaka mtu wa usafi akaniambia mmetokea mlango wa pili.

Mmetufunga themanini na moja kwa thelathini na nne. Silalamiki. Robo fainali kwetu ilikuwa ni zawadi. Wasichana wangu walikuwa wanawatazama wenu kama watu wanaotazama harusi wasiyoalikwa. Mmoja wangu, yule wa mpira wa wavu, alimwomba Chelewa msamaha kila alipomgusa.

Lakini nilimwona. Robo ya kwanza alitua kwa miguu miwili. Ya pili pia. Robo ya tatu, alipochukua mpira ule wa upande wetu, alitua kwa mguu wa kulia peke yake, kisha ule wa kushoto akauweka chini taratibu kama mtu anayeweka yai. Mlikuwa mnatuongoza kwa zaidi ya pointi thelathini. Hamkumtoa. Alitua hivyo tena na tena.

Unajua nilichofanya, ulinisikia. Nilisimama nikapiga kelele kuelekea benchi lenu: "Mtoeni." Watu waliokuwa nyuma yangu wakacheka, wakadhani nimechoka kufungwa. Mmoja akasema, "Kocha anaomba huruma." Refa akanionya. Kocha Mkuu wako alinitazama mimi, kisha akakutazama wewe, akakuuliza kitu. Wewe ukatikisa kichwa, ukainamia karatasi zako.

Alikuuliza nini?

Kesho nusu fainali, keshokutwa fainali. Hizo ni siku tatu mfululizo. Kesho asicheze. Mnao masenta wawili kwenye benchi ambao hawajatoa jasho. Chuo chenu kinaweza kushinda bila yeye. Yeye hana miguu mingine.

Basi letu linaondoka asubuhi. Nakuomba, na unajua sikuombi mara nyingi.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Shikamoo kwako na kwa mama. Mtoto ameanza kukaa, akianguka anacheka. Wifi yako amerudi kazini.

Kikaratasi chako nilikipata, ila nilikipata kwa kuchelewa, dereva alikuwa amekisahau kwenye kiti.

Utakuwa umesikia kwamba kombe tumelichukua. Mji mzima haukulala. Kocha Mkuu alinikumbatia mbele ya kamera. Wamenipa ofisi, ndogo, lakini ina dirisha.

Chelewa aliumia kidogo kwenye fainali. Daktari amesema apumzike.

Nimefikiria jambo. Hapa wanatafuta mlezi wa bweni la wanamichezo. Nikitia neno utapata, na mama tungemweka karibu na hospitali kubwa. Lifikirie.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Mama anaendelea. Sasa mguu unavimba hata asubuhi. Nimempa habari ya mtoto kukaa, akasema wewe ulichelewa kukaa kuliko watoto wote wa mtaa.

Kazi ya bweni sitaichukua. Ahsante.

Siku ile ya robo fainali mama alikuwa anasikiliza redioni, betri zikamwishia kabla ya mwisho. Nilipofika nyumbani, kabla sijatua begi, akaniuliza, "Nani kashinda?" Nikamwambia, "Mwanao." Akauliza, "Yupi?" Nikaenda kuvua viatu.

Sisi hapa tumefungwa, na sisemi kwa pointi. Mkuu wa chuo aliniita, akanikaribisha kiti, hapo nikajua. Akasema timu isiyobaki na wachezaji si timu, ni darasa la kuwaandalia wengine. Akasema, "Unapika, wanakula majirani." Mwakani hakuna mpira wa kikapu wa wasichana. Uwanja utakuwa wa kuegesha magari ya wakufunzi. Nilitaka kubishana nikakosa pa kuanzia, kwa sababu hakusema uongo. Wale wanane niliwaambia pale pale kwenye saruji. Hakuna aliyelia. Wa mpira wa wavu akauliza kama anaweza kubaki na jezi. Nikamwambia bakini nazo wote. Mimi nitaendelea kufundisha jiografia.

Kuna jambo moja tu nataka unijibu. "Kidogo" maana yake nini? Nimempigia Chelewa, simu yake imezimwa. Nimepiga ofisi ya chuo chenu, nikaambiwa jina hilo halipo kwenye orodha ya muhula huu. Mtu aliyebandikwa mlangoni, picha kubwa kuliko yeye, hayupo kwenye orodha.

Yuko wapi?

Dada yako


25 Juni

Dada,

Shikamoo. Wifi yako na mtoto wamekwenda kwa wazazi wake, watakaa huko kwa muda. Wazima wote wawili. Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana.

Sikumwambia.

Siku nilipompeleka mazoezini, wiki moja baada ya kufika, Kocha Mkuu alimtazama toka juu mpaka chini, akaniuliza, "Mzima?" Nikasema, "Mzima." Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Nilipanga kumwambia baada ya mechi ya kwanza, nikiona hali. Baada ya mechi ya kwanza akaniita kwa jina. Basi kila wiki ikawa ngumu kuliko iliyopita, maana angeniuliza, siku zote hizo ulikuwa wapi? Siku ile uliposimama ukapiga kelele, aliniuliza, "Dada yako anataka nini?" Nikatikisa kichwa. Nikamwambia hana jambo, ni uchungu wa kufungwa. Na kikaratasi chako dereva hakukisahau. Alinipa jioni ile ile.

Ilikuwa robo ya tatu ya fainali. Mpira uligonga ubao, watu wakaruka, ukumbi ukanyamaza kumsubiri. Akapanda. Alikuwa peke yake kule juu, kama ulivyoandika. Akashuka nao kwa mguu wa kushoto. Mlio wa goti tuliusikia mpaka kwenye benchi. Hakupiga kelele. Nilipomfikia alikuwa bado ameukumbatia mpira, akaniuliza, "Ni wetu?" Nikamwambia ni wetu. Wakambeba, akaingia mwingine, tukashinda. Senta yule aliyeingia hakukosa hata mtupo mmoja. Ulisema kweli, tungeshinda bila yeye.

Daktari alisema hatacheza tena. Alisema pia huenda akatembea vizuri, huenda. Mwanzoni mwa mwezi wa nne wakamwita ofisini. Nafasi yake ya masomo ilikuwa ni ya mchezaji, na mchezaji mwingine alikuwa ameshapatikana, senta aliyehamia kutoka mbali, mrefu kuliko yeye. Mambo ya ualimu hayakuwa yameshughulikiwa. Hakuna aliyeyashika hata siku moja, nami sikuyafuatilia. Picha waliitoa siku hiyo hiyo, wakaweka ya mwenzake.

Nilimpeleka stendi. Ngazi ya basi ilimshinda, ikabidi mimi na kondakta tumnyanyue. Alisema ahsante, kwa wote wawili, kwa sauti ile ile moja.

Mwezi wa tano Kocha Mkuu na yeye akahama. Amechukuliwa na chuo kikubwa zaidi, ameondoka na wachezaji wanne. Mchezeshaji wako wa zamani ni mmoja wao. Hiyo ni jezi yake ya tatu. Kocha mpya amekuja na wasaidizi wake. Mimi sikufukuzwa, dada. Sikutajwa tu. Nilikwenda asubuhi nikakuta mtu amekaa kwenye ile ofisi yangu, akaniuliza kwa adabu nimemfuata nani.

Wifi yako alinisikia nikizungumza na Chelewa kwenye simu kabla haijazimwa. Aliuliza, nikamweleza. Alianza kukunja nguo za mtoto.

Naomba unisamehe. Sina mwingine wa kumwandikia.

Mdogo wako


9 Julai

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Nimemwambia umeacha kazi na unapumzika. Ameanza kuhesabu Jumapili, anadhani kila moja ndiyo yako. Wifi yangu nilimpigia. Alinipokea vizuri, mtoto nilimsikia. Mambo yenu mengine sikuuliza na yeye hakuniambia.

Barua yako ilipofika nilipanda basi nikaenda kwa kina Chelewa. Nilikuwa na jina la mtaa tu, lakini ukiuliza mwashi mwenye binti mrefu unaonyeshwa. Nyuma ya nyumba kuna kiwanja anachofyatulia matofali. Nilimkuta Chelewa amekaa juu ya rundo la matofali makavu, mguu ameunyoosha mbele, anayamwagia maji yale mabichi kwa kopo yasipasuke kwa jua. Aliponiona alitaka kusimama. Nilimwambia kaa, lakini alishaanza, na mtu akishaanza kusimama namna ile huwezi kumkatiza. Ilimchukua muda. Nilikuwa natazama matofali mpaka akamaliza.

Baba yake alinisalimu kwa heshima, akaniletea kiti, akarudi kwenye udongo wake. Hakuniuliza lolote. Afadhali angeniuliza.

Nilikuwa nimekwenda na jambo. Nilikuwa nimemfuata Mkuu wa chuo nikamwomba amrudishe amalize ualimu wake. Amekataa. Nafasi ile ya kwanza ilikuwa ya mchezo, na mchezo haupo. Kwa mlango wa kawaida itabidi aombe upya na kuanza mwaka wa kwanza, pamoja na watoto waliomaliza shule juzi, akikubaliwa. Nilimweleza Chelewa yote haya. Akasema, "Mwalimu, bweni liko juu ya mlima." Nilikuwa nimesahau mlima. Miaka yote nimeupanda na nimeusahau.

Tukakaa. Akawa anayamwagia matofali, anayageuza, anayamwagia tena. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Yule mdogo wako, habari za goti alikuwa anazijua?"

Nilitaka kumdanganya. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, la kukuokoa wewe au la kumwokoa yeye, sijui. Nikasema, "Alijua. Nilimwandikia mwenyewe tangu mwezi wa kumi."

Aliweka kopo chini.

"Mimi nilidhani hajui," akasema. "Yeye ndiye alikuwa ananifunga bandeji. Kila asubuhi, kabla Kocha Mkuu hajafika. Alikuwa anakaza vizuri sana, anasema maumivu ni ya baridi ya barafu tu, yataachia. Nilikuwa nasema, angalau huyu ana mkono kama wa Mwalimu."

Hilo la bandeji hukuniandikia, mdogo wangu. Umeandika kurasa nne, umeandika mpaka neno aliloambiwa kondakta, na hilo hukuliandika. Mkono ule ni wangu kweli. Nilikufundisha kufunga goti ukiwa na miaka kumi na miwili, kwenye ngazi za nyumba hii, ukijifanyia mazoezi kwenye mguu wa mama.

Nilipokuwa naaga nilimuuliza kama nikupe anwani yake, umwandikie. Hakukasirika. Alikataa kama mtu anayekataa chai kwa sababu ameshakunywa kwingine.

"Aache tu, Mwalimu," akasema. "Atasema pole, halafu itabidi nimwambie si kitu."

Kwa hiyo msamaha ulioniomba mimi nimeusoma mpaka mwisho, lakini si wangu kuutoa, na mwenyewe hataki kuombwa. Njoo umwone mama. Chumba cha nyuma nimekifagia.

Dada yako